Mfutaji wa Sahihi na Bibi Habanduki

Ifahamike kwa watu wote, wanaojua kusoma na wanaotazama picha tu, kwamba Shirika la Mashujaa wa Katuni lilitangaza mwaka ule kuwa Mwaka wa Shujaa Mpya. Waraka uligongwa mihuri mitatu, ukabandikwa ubaoni juu ya waraka wa mwaka uliotangulia, ambao nao ulikuwa umetangaza Mwaka wa Shujaa Mpya, na huo ulikuwa umebandikwa juu ya mwingine. Ubao ulikuwa umeanza kuinama.

Shujaa wa zamani alikuwa mmoja tu, Jemadari Kimondo, na Shirika lilikuwa naye kwa miaka hamsini na minne. Aliruka, alipasua mawe kwa kichwa, na alivaa kaptura juu ya suruali. Umri wa kustaafu alikuwa ameshaupita, lakini kila Januari aliongezewa mkataba kwa barua. Alikuwa amekufa mara kumi na tisa na kufufuka mara ishirini, jambo ambalo Idara ya Takwimu iliahidi kulichunguza. Watoto walimsoma kwa adabu, kama mtu anavyomsikiliza babu anayerudia kisa kile kile.

Katika chumba cha chini kabisa cha jengo la Shirika alikaa Afisa Mfutaji Mwandamizi. Kazi yake ilikuwa kufuta sahihi. Wachoraji wana tabia moja mbaya: wakimaliza ukurasa hutia jina lao kwenye kona, kana kwamba wao ndio waliouchora. Mfutaji alikuwa na vifutio vinne, brashi ya kupangusia vumbi, na miaka ishirini na sita kazini bila doa. Alifuta pande zote mbili za karatasi, hata kama upande wa pili ulikuwa mtupu, maana kanuni ilisema pande zote mbili, na yeye si mtu wa kubishana na kanuni.

Aliyoipenda zaidi ilikuwa Kanuni ya Saba, ingawa hakuwahi kuitumia. Ilisema hivi: "Atakayebuni shujaa mpya atamkabidhi kwa Shirika pamoja na vazi lake, nguvu zake, maadui zake na mama yake mzazi. Jina la mbunifu huyo litafutwa katika kumbukumbu zote za Shirika ndani ya saa arobaini na nane, wala Mfutaji hatasubiri amri ya mtu yeyote." Kifungu cha mwisho kiliongezwa na Mkurugenzi mwenyewe, baada ya kusikia kwamba zamani kuna mtu ofisini aliwahi kuona huruma. Aliyembuni Kimondo alifutwa vizuri kiasi kwamba leo hakuna anayejua alikuwa nani. Inaaminika alikuwa mrefu.

Iliundwa kamati kuchunguza kwa nini hakuna shujaa mpya. Ilikaa miezi saba na kugundua kwamba madirisha ya chumba cha wachoraji ni madogo. Madirisha yakapanuliwa. Wachoraji wakaleta Kimondo wa Kike, Kimondo Mtoto, Kimondo Mwovu, na mbwa wa Kimondo.

"Mbona wote ni Kimondo?" Mkurugenzi alifoka mkutanoni.

Mchoraji mkongwe, waliyemwita Mzee Rula, akainua mkono. "Bosi, huyo mmeshamchukua. Sasa mtu akikuletea kitu ambacho tayari ni chako, amepoteza nini?"

Mkurugenzi aliandika kwenye daftari lake: madirisha makubwa zaidi.

Ilikuwa Jumanne Mfutaji alipogeuza ukurasa wa Kimondo akakuta, upande wa pili, bibi kizee. Alikuwa ameketi juu ya debe lililopinduliwa, mbele ya mlango wa ofisi, mkoba mapajani. Askari wanne walikuwa wakimvuta, hasogei. Wakaleta kamba, hasogei. Wakaleta trekta, trekta likazima, na bibi akamwambia dereva, "Pole, mwanangu. Umekula lakini?" Chini yake paliandikwa: Bibi Habanduki.

Mfutaji alicheka. Alicheka mpaka kalamu ikaanguka, akatazama nyuma kuona nani anayecheka. Halafu mkono wake, uliokuwa na uzoefu kuliko yeye, ukachukua kifutio na kufuta sahihi kwenye kona.

Mlango ukafunguliwa kwa kishindo. Alikuwa Bi Wino, mchoraji wa meza ya tatu, anahema.

"Kaka, kuna ukurasa umeteremka huku kwa bahati mbaya. Nilikosa karatasi nyumbani nikachora nyuma ya ile ya ofisi. Nirudishie, tafadhali."

"Huyu bibi?"

"Huyo ni wangu. Ndiye bibi yangu aliyenilea. Shule walinikataa, wakasema nafasi hakuna. Akaja na debe lake akakaa mlangoni pao siku kumi na moja, mvua yake jua lake, mpaka wakaniandikisha." Machozi yalikuwa yanamlenga. "Wamchukue Kimondo, wamchukue na mbwa wake. Huyo siwapi. Sina picha yake nyingine."

Mfutaji aliingiwa na huruma. Mtu mwingine angempa ukurasa wake palepale, mambo yakaisha. Lakini yeye alikuwa mtumishi mwadilifu. Akavuta droo akatoa Fomu ya Kurejesha Karatasi Iliyopotea Njia, nakala tatu, akaanza kuijaza kwa mwandiko mzuri.

Alikuwa kwenye nakala ya tatu Mkurugenzi alipoingia kutafuta kikombe chake. Akaona ukurasa. Akacheka, akaziba mdomo, akauinua kwenye mwanga. Akatazama kona. Kona ilikuwa safi kabisa, kazi ya bingwa.

"Hauna jina," alisema taratibu.

"Mheshimiwa, ni wangu," alisema Bi Wino.

"Umeandikwa wapi kwamba ni wako?" Akamgeukia Mfutaji. "Umeandikwa?"

Mfutaji alifungua mdomo. Kitu pekee kilichotoka ni ukweli wa kiofisi. "Haujaandikwa, Mheshimiwa. Kwa sasa."

"Basi," alisema Mkurugenzi, na akaondoka nao chini ya kwapa. Kikombe alikisahau.

Bi Wino alimtazama Mfutaji, kisha akavitazama vifutio vyake vinne, kimoja kimoja, akapanda ngazi.

Jioni Mfutaji hakumaliza chakula. Mkewe alimwuliza swali lake la kila siku, ambalo kwa miaka mingi alilidhani ni utani. "Leo umemfuta nani?"

Akamweleza yote. Kisha akasema waziwazi: "Naona aibu, mke wangu."

"Na uone," alisema mkewe akikusanya sahani. "Miaka ishirini na sita unafuta majina ya watu. Lakini kulia hapa hakumsaidii yule dada. Wewe si ndiye mwenye kujisifu unazijua kanuni? Kazisome tena, labda kuna mahali umeruka."

Hakuwa ameruka mahali. Ila safari hii alisoma polepole.

Siku ya uzinduzi ukumbi ulijaa. Waziri alikuwepo, wapiga picha walikuwepo, na Bibi Habanduki alining'inia ukutani, mkubwa kama nyumba, mkoba wake ukiwa umeongezewa nembo ya Shirika. Mkurugenzi alipanda jukwaani akaeleza jinsi bibi huyo alivyomjia asubuhi moja alipokuwa akinyoa ndevu.

"Nilijiuliza, taifa linahitaji nini? Nikajijibu: uthabiti."

Makofi yakapigwa. Waziri akataka kujua bibi ameketi juu ya nini.

"Kiti cha kisasa, Mheshimiwa Waziri."

"Debe," ilisema sauti ya mwanamke kutoka nyuma kabisa.

Mfutaji alipanda jukwaani na jalada mkononi. "Ili shujaa awe mali ya Shirika kihalali," alisema, "mbunifu anatakiwa kutia sahihi hapa, mbele ya mashahidi."

Mkurugenzi alitia sahihi yenye mikia miwili. Wapiga picha wakaomba airudie, akairudia. Mfutaji akatazama saa yake, akaandika: saa nne na dakika kumi.

Saa nne na dakika arobaini alianza kazi. Alikwangua jina mlangoni. Akalifuta kwenye orodha ya mishahara, kwenye orodha ya simu, kwenye maegesho ya magari, na kwenye picha ya ukutani ya wakurugenzi wote, ambapo ilibidi atumie kifutio cha tatu. Alipofika kwenye daftari la getini, mlinzi alimwuliza, "Huyu naye amefanya nini?"

"Amebuni," alisema Mfutaji.

"Masikini," alisema mlinzi.

Kesho yake asubuhi gari la Mkurugenzi lilisimama getini. Mlinzi alipitisha kidole kwenye daftari, juu hadi chini, chini hadi juu.

"Jina halimo, mzee."

"Mimi ndiye Mkurugenzi!"

"Wengi husema hivyo."

Mkurugenzi alinyakua kiti cha mlinzi, akakaa katikati ya geti, akafunga mikono kifuani. "Sibanduki hapa!" alitangaza. Mlinzi alimbandua kwa mkono mmoja. Ule mwingine ulikuwa umeshika kikombe cha chai, na chai haikumwagika.

Akampigia simu Waziri. Waziri alisoma Kanuni ya Saba, akasema imeandikwa vizuri sana, akauliza ni nani aliyeiandika. Ikabidi Mfutaji aitwe getini.

"Nirudishe!" alisema Mkurugenzi. Tai ilikuwa imempanda begani. "Lazima kuna fomu!"

"Ipo," alisema Mfutaji kwa upole, akatoa karatasi aliyokwisha kuitayarisha. Ilikuwa na mstari mmoja: "Mimi, ninayetia sahihi hapa chini, sijabuni shujaa huyo, wala sijawahi kubuni kitu chochote maishani mwangu."

Mkurugenzi alisoma, akatia sahihi yake ya mikia miwili. Usajili ukabatilika papo hapo, na jina lake likarudi daftarini. Shujaa asiye na mbunifu hawezi kukabidhiwa, na asiyekabidhiwa si mali ya Shirika. Mfutaji akapanda ngazi hadi meza ya tatu, akautoa ukurasa kwenye jalada, akauweka mbele ya Bi Wino, pamoja na kalamu ya wino.

"Hii haifutiki," alisema. "Nimejaribu."

Bi Wino alitia jina lake kwenye kona, kubwa kuliko debe. Wiki ile aliacha kazi, akaanza kumchapisha bibi yake kwenye mashine ya shemeji yake. Mzee Rula naye akakumbuka kwamba nyumbani, chini ya kitanda, ana mashujaa kumi na wawili.

Tamko la Mkurugenzi, kwa mujibu wa taratibu, lilibandikwa ubaoni, juu ya Mwaka wa Shujaa Mpya. Wafanyakazi walilisoma kila asubuhi, na wageni waliokuja kwa shughuli nyingine walilisoma pia. Siku ya tisa Mkurugenzi aliteremka mwenyewe hadi chumba cha chini, akafunga mlango, akasema kwa sauti ya mtu anayeomba maji.

"Ndugu yangu. Ile sahihi pale ubaoni. Huwezi kuipitishia kifutio kidogo tu?"

Mfutaji alichukua kifutio chake kizuri kuliko vyote, akakitazama, akakirudisha kwenye droo.

"Samahani, Mheshimiwa," alisema. "Mimi naruhusiwa kufuta za wabunifu tu."