Ratili Sitini za Mama Mkwe

Jumatatu, 22 Septemba
Joto nyuzi mia na mbili, kwa kipimo cha huku Texas. Zimebaki siku tano msimu wa kuwinda kwa mishale ufunguliwe. Nimejaribu upinde wangu wa kapi, ule wenye kigurudumu kila ncha, nyuma ya ghala. Mara ya kwanza umevutika nusu. Mara ya pili bega limelia. Mara ya tatu nimejikuta nimekaa chini, ng'ombe wananitazama. Bega nililiangukia Julai nikipakia marobota ya majani. Sijamwambia mtu, hata Verlene, mke wangu.

Sababu ni ulingo. Marehemu baba mkwe aliujenga juu ya mwaloni wa kijitoni, na chini yake hupita kulungu wenye pembe za kusimuliwa. Kila mwaka, Ijumaa ya kuamkia msimu, mimi na shemeji Garland, kaka yake Verlene, tunarusha mishale mitatu uani kwa mama mkwe. Mshindi anapata ulingo. Mshinde anakwenda kibanda cha kando ya barabara, anakopita mtu wa posta. Miaka minne mfululizo nimemsalimia mtu wa posta.

Sharti: upinde uvutwe kwa ratili sitini, si pungufu. Mama mkwe, Bi. Oleta, anaupima mwenyewe asubuhi kwa mizani ya samaki, kisha anapaka skrubu za kuukazia rangi ya kucha, nyekundu, ili mtu asizilegeze kabla ya shindano la saa kumi. Mama wa kanisa, lakini hamwamini mtu.

Jumanne, 23 Septemba
Nimekwenda dukani kwa mzee Hollis, fundi wa pinde. Nikamuuliza, kwa niaba ya rafiki, kama upinde unaweza kulainika bila kugusa skrubu. Akasema huyo rafiki apunguze ratili na kiburi pia.

Kunisindikiza nje akauona upinde wangu kwenye kiti cha pikapu, vioo vimefungwa. Akafoka. Humo ndani, alisema, mtu anaoka mkate. Mikono ya upinde ni tabaka za nyuzi za kioo zilizoshikwa na gundi. Ikipata moto gundi inalainika, upinde unalegea, tabaka zinaachana, na siku moja unakupasukia usoni. Akarudia yote tangu mwanzo.

Nimeshika neno moja. Unalegea.

Jumatano, 24 Septemba
Jaribio. Pikapu juani, vioo juu, upinde ndani ya mfuko mweusi juu ya dashibodi. Saa tano hadi saa tisa. Nimeutoa kwa glavu za jikoni. Mizani: ratili hamsini na mbili. Umevutika bila bega kujua. Mishale imekwenda chini, mmoja umetoboa ndoo ya kuku. Nimesogeza kielekezo cha shabaha.

Jioni ulipopoa ukasoma hamsini na nane. Nimekaza skrubu kidogo, sitini kamili. Asubuhi mzito kwa Bi. Oleta, alasiri mwepesi kwangu. Sijui kwa nini watu wanalipia elimu.

Kuna mistari myeupe karibu na kapi. Nilidhani ni vumbi. Haifutiki. Nimepaka rangi ya viatu.

Alhamisi, 25 Septemba
Garland amepita. Upinde wake unalala sebuleni kwake, kwenye kochi, kiyoyozi kinaupuliza. Anaulea kama kichanga. Akaniambia amenitafutia kiti kizuri cha kule barabarani, kina pa kuwekea kikombe. "Usinishukuru, shemeji, ndiyo undugu." Nikamwambia akae nacho, atakihitaji.

Verlene ameuliza kwa nini pikapu inanuka gundi. Nimesema viatu. Akanitazama bega, si viatu.

Upinde umeshinda juani tena. Mistari imeongezeka. Rangi ya viatu imekwisha.

Ijumaa, 26 Septemba
Saa mbili asubuhi: mizani, ratili sitini. Rangi ya kucha. Bi. Oleta akasema mwaka huu nimejitahidi. Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu.

Saa tatu hadi saa kumi: pikapu.

Saa kumi: kidari cha ng'ombe kinatoka kwenye moshi, maharage mezani. Wote wana haraka, saa moja na nusu kuna mechi ya shule. Garland karusha mitatu, yote ndani ya duara la njano. Nikasimama. Nikavuta. Mwepesi ajabu. Nikamtupia Garland jicho, aone mtu asiyetetemeka.

Ukapasuka.

Mkono wa juu umechanika kuanzia kwenye kapi, tabaka tabaka, kama kitunguu. Kofia yangu ilikwenda upande mmoja, mshale upande mwingine. Kapi lilitua ndani ya maharage. Mimi nimepata mkwaruzo kidevuni na ugwe wa upinde umenichapa shavu. Garland akachukua kijiko, akalitoa kapi, akaniuliza kama nalila au naondoka nalo.

Bi. Oleta hakucheka. Aliokota kipande, akakinusa, akapitisha kidole. Kidole kikatoka cheusi. Akaniuliza bega linaendeleaje. Verlene alikuwa amemwambia tangu Agosti. Akasema ningefungua mdomo tu. Marehemu mwenyewe miaka yake mitatu ya mwisho alivuta ratili arobaini na tano, na ni yeye Bi. Oleta aliyempakia skrubu rangi. Akasema Ijumaa ijayo turudie, arobaini na tano, hakuna wa kuninyooshea kidole. Hadi hapo ulingo ni wa Garland.

Nilitaka kulia. Nikasingizia moshi.

Jumamosi, 27 Septemba
Kibandani. Kiti ni kizuri kweli. Nimempungia mtu wa posta.

Jumatatu, 29 Septemba
Mzee Hollis ameufungia upinde mikono mipya. Verlene alikuja nami, akasimama pale hadi ikawekwa arobaini na tano. Navuta bila maumivu. Napiga katikati. Mtu mwingine angeridhika.

Lakini safari hii Bi. Oleta atapima saa kumi ile ile, mbele ya watu, na atasoma kwa sauti. Arobaini na tano. Garland atasikia. Mjini watasikia. Hapana.

Nimekaa nikafikiri kwa utulivu. Kosa langu lilikuwa joto. Gundi ikipata moto inalegea; basi ikipata baridi inakaza. Mizani itasoma sitini, au karibu. Halafu Bi. Oleta ataomba, na sala yake haijawahi kupungua dakika ishirini. Hadi amina, jua litakuwa limeshaulainisha.

Nimetoa soseji zote kwenye friza. Upinde umeenea, kwa kulala mshazari. Verlene ameuliza soseji zinafanya nini sakafuni. Nimesema nasafisha.

Mzee Hollis alinionya kuhusu joto tu. Barafu hakuitaja hata mara moja.