Nilivyotengeneza Laptop ya Kina Ndung'u

Leo nimeanikwa. Sio kuanikwa kidogo. Nimeanikwa kama blanketi, jua likiwa kali na majirani wote wakiwa nje.

Wacha niwaambie mwenyewe kabla Ndung'u hajawaambia, kwa sababu yeye ataongeza chumvi, na hii stori ina chumvi ya kutosha.

Mnajua vile nimekuwa nikiogopa kwenda kwao Subukia. Kila mara mamake akisema "mlete huyo msichana tumwone," mimi napata homa. Leo homa zimeisha. Nikavaa rinda refu, nikanunua mkate, sukari na majani chai, tukatoka mtaani kwetu Free Area asubuhi na Ndung'u akinishika mkono kama mtu anapelekwa theatre kupasuliwa.

Mamake alinipokea vizuri sana. Ni mama mpole, anaongea pole pole, na akikuangalia unaanza kukumbuka dhambi zako. Nyumbani kulikuwa pia na Nyambura, dadake Ndung'u, na Uncle Gathogo, ndugu ya marehemu baba yao. Uncle alikuwa amevaa suti ya kijani inayong'aa. Nilimsalimia nikiwa nimefunga jicho moja.

Chakula kikaja. Mukimo, viazi na mahindi vilivyopondwa pamoja. Sina ubaya na mukimo, lakini hii ilikuwa mlima, na nilipofika katikati ya mlima Mama akaniongezea mlima mwingine. Mimi nimelelewa kwamba mgeni haachi chakula kwa sahani. Kwa hivyo Mama alipoingia jikoni kuleta chai, na wengine wakiwa wanabishana juu ya bei ya maziwa, nikafunga iliyobaki kwa tishu na kuitia kwa mkoba. Nikafunga zipu. Hakuna aliyeniona. Mama akarudi, akaona sahani nyeupe, akafurahi. "Huyu anakula," akamwambia Ndung'u. Nikajiona nimefaulu mtihani.

Baada ya chai Mama akaenda chumbani, akarudi na kitu amekifunga kwa kitambaa cha kushonwa. Akakifungua magotini. Ilikuwa diski ya DVD.

"Hii ni ya siku Nyambura aligraduate," akasema. "Tulifanya sherehe hapa nyumbani, na baba yao akaongea. Ile DVD player iliungua stima ilipoenda ikirudi. Tangu ameenda, hii sauti sijaisikia."

Mzee alifariki mwaka juzi, na mimi sikuwahi kumjua.

Ndung'u naye, badala ya kunyamaza, akasema, "Mama, lakini Chebet hapa ni mtu wa kompyuta."

Wakuu, nyinyi mnajua kazi yangu. Nafanya kazi cyber. Natype barua, naprint, nalaminate vyeti vya watu. Kompyuta ikikwama naita "Kevo!" na Kevo fundi anakuja. Huo ndio ujuzi wangu wote, kuita Kevo. Lakini Mama aliniangalia na uso ulikuwa na matumaini hivi, nikajisikia nikisema, "Hiyo ni kitu kidogo, Mama."

(Mdomo wangu. Siku moja nitaushtaki.)

Ikaletwa laptop ya marehemu, ile alikuwa anatumia akifundisha. Ni laptop ya zamani, nzito kama jiwe la kusagia, na ubavuni ina mahali pa kuingiza diski. Nyambura akaleta waya wa kuiunganisha na TV ili wote tuone vizuri. TV yao ni kubwa, iko juu ukutani, na waya ulikuwa mfupi. Kwa hivyo nikawekewa kigoda chini ya TV, laptop magotini, mgongo wangu kwa TV na uso wangu kwa familia yote iliyopangana kwa makochi. Kama mwalimu mbele ya darasa.

Nikabonyeza kitufe cha kufungua mahali pa diski. Kimya. Nikabonyeza kwa nguvu. Kimya. Lakini kuna kitu kimoja nilimwona Kevo akifanya: pale kando huwa na katundu kadogo. Nikatoa pini kwa nywele, nikadunga, na katreya ka diski kakatoka.

"Ameifungua na pini ya nywele," Uncle akasema.

Nyambura akapiga makofi kidogo. Hapo ndipo ningesema mkoba wangu uko wapi, niage, niende nyumbani nikiwa shujaa.

Nikaweka diski, nikafunga, nikangoja. Hakuna kitu. Nikafungua pale unaona vitu vilivyo ndani ya mashine, nikapata hard disk peke yake. Ya DVD haiko, kama haijawahi kuzaliwa.

"Kompyuta haioni hiyo DVD," nikawaambia.

"Haioni aje na umeiweka ndani yake?" Uncle akauliza.

"Draiva imepotea."

"Dereva?"

"Sio wa gari, Uncle. Ni kitu huwa ndani, kinaambia kompyuta kwamba kuna DVD."

"Na kimeenda wapi?"

Ni swali zuri, nikilifikiria.

Nyuma yangu TV ilikuwa imeandika kwamba haipati kitu, na Nyambura alikuwa anafinya rimoti. Nikamwambia aiache hivyo, tutashughulika nayo nikimaliza. Nikazima laptop, nikaiwasha. DVD haiko. Nikatoa diski na pini, nikaipanguza na kitambaa cha Mama, nikairudisha. Haiko. Nikaingia pahali pa mipangilio, nikafuta vitu viwili vitatu ambavyo sikuvijua. (Msiniulize ni gani.) Bado haiko.

"Nafikiria ni motherboard," nikasema.

"Hiyo ni mbaya?" Mama akauliza.

"Inategemea, Mama."

Hakuniuliza inategemea nini. Alichukua tu kile kitambaa, akakikunja, akakikunja tena, mpaka kikawa kidogo kama tiketi ya basi. Wakuu, hapo moyo uliniuma. Sikuwa nacheza na laptop. Nilikuwa nimebeba sauti ya bwana wa mtu, na nilikuwa naidunga na pini ya nywele.

Nikaamua kumwita Kevo. Shida ni kwamba kwao network ni ya kutafuta. Simu ilikuwa inashika ikiwa imekaa kwa dirisha tu, pale karibu na maua. Basi nikaiacha dirishani itupe mtandao, nikazima laptop na kuiwasha tena mara ya mwisho, kisha nikafungua meseji zangu za simu hapo hapo kwa laptop. Nikaandika haraka, na uso wa mtu anayefanya kazi ngumu.

"Kevo niokoe. Niko kwa kina Ndung'u. Kuna laptop haioni DVD na nimewaambia mimi ni expert."

"Haha. Umerestart?"

"Mpaka imechoka. Nimewaambia ni motherboard."

"Motherboard imeingiaje hapo?"

"Sijui, ilitoka tu. Kuna uncle ananiuliza maswali kama wakili. Amevaa suti ya kijani inang'aa kama karatasi ya peremende. Siwezi kufikiria na hiyo suti mbele yangu."

Nikainua macho kuona kama wananingoja. Walikuwa wananiangalia wote, kwa makini sana, macho juu kidogo ya kichwa changu. Nikadhani wanashangaa vile vidole vyangu vinakimbia. Uncle aliangalia mkono wa koti lake, kisha akaangalia ule mwingine.

"Wamekulisha lakini?" Kevo akauliza.

"Usiniambie. Mukimo ya mamake imenishinda, nimeificha kwa mkoba. Imefungwa na tishu. Naogopa imeanza kuvuja."

Nikainua macho tena. Sasa macho yote yalikuwa yameenda kwa mkoba wangu, uliokuwa kwa kochi kando ya Nyambura. Nyambura akasonga pole pole, kama mtu ameona nyoka na hataki imsikie. Ndung'u alikuwa ameweka uso kwa mto wa kochi na mabega yanatetemeka. Nikajua amemkumbuka baba yake. Nikamwangalia kwa huruma nyingi sana, nikatikisa kichwa hivi, pole mpenzi.

Nikaendelea kuandika. "Kevo fanya haraka, mamake anahuzunika na mimi sijui hata naangalia nini."

Kabla sijasoma jibu, Mama akaongea. Kwa ile sauti yake ya chini.

"Kevo anauliza kama kale kataa kadogo ka hapo kwa DVD kanawaka."

"Hakawaki, Mama," nikajibu, na nikaanza kumwandikia Kevo kwamba hakawaki.

Nikafika katikati ya neno. Vidole vikasimama. Mama anamjulia Kevo wapi?

Niligeuza shingo pole pole. Sikutaka kufika, lakini shingo ilifika. Na pale juu ukutani, kwa ile TV kubwa, herufi kila moja kama sahani, nilikuwa nimeandikwa mimi. Suti. Peremende. Mukimo. Tishu. Kuvuja. Kumbe nilipowasha laptop mara ya mwisho, TV nayo ikaamka. Nyambura ameniambia baadaye hawakusema kitu kwa sababu walidhani ndiyo njia ya kutengeneza. Halafu, wakishaanza kusoma, wakashindwa kuacha.

Sikujua nianze kuomba msamaha wapi. Nikasema "Mama," nikakwama. Nikasema "Uncle," nikakwama pia. Na Kevo, ambaye hakujua chochote, akatuma nyingine, na wote tukaisoma pamoja:

"Ndung'u anajua hujui kitu?"

"Ndung'u amejua leo," Ndung'u akasema kutoka ndani ya mto.

Hapo Mama akacheka. Hakucheka kwa sauti. Alianza na mabega, kisha akafunika mdomo na kile kitambaa, kisha machozi yakatoka. "Msichana wangu," akasema, "ungeniambia tu umeshiba. Mimi huongeza nikiona mtu ananiogopa, sijui kwa nini." Akachukua mkoba wangu na mikono miwili, akaenda nao jikoni, na nikamsikia akiupanguza ndani. Hakuna mkwe mwingine Subukia ambaye mkoba wake umeoshwa siku ya kwanza.

Uncle Gathogo alikohoa. "Hiyo mambo ya peremende tutaongea," akasema. "Kwa sasa mwulize huyo fundi, kama kataa hakawaki ni nini?"

Nikaandika. Aibu ikishapita mahali fulani, unakuwa tu karani. Kevo akajibu, na Uncle akasoma kutoka kwa TV kama anasoma tangazo la kanisa: "Basi hiyo DVD haipati stima. Imetoka mahali pake. Zima, toa betri, igeuze. Huwa inashikwa na skrubu moja. Angalia kama iko."

Tukazima, TV ikawa nyeusi, na nilifurahia hiyo giza kuliko mnavyofikiria. Tukageuza laptop mezani, vichwa vyetu vyote vimegongana juu yake. Skrubu haikuwako. Kulikuwa na shimo tupu, na ile sehemu ya DVD ilikuwa imetoka nje kidogo, kiasi cha ukucha. Nilikuwa nimeiangalia mchana mzima nikidhani ndivyo ilivyoundwa.

"Ni hii tu?" Mama akauliza.

"Nafikiria ni hii tu, Mama."

"Na motherboard?"

"Motherboard iko sawa, Mama."

Uncle akavua koti, akakunja mikono ya shati, akasukuma kwa kidole gumba. Ikalia tik. Tukarudisha betri, tukawasha, na kataa ka kijani kakawaka pale ubavuni. Diski ikaanza kuzunguka kwa kelele, kama mtu mzee anaamka kwa kiti. Safari hii nilikaa kwa kochi na wengine, kati ya Ndung'u na Nyambura. Sikutaka tena kukaa mgongo wangu ukiwa kwa TV.

Picha ikaja. Hema nyeupe hapo nje kwa boma, watu wamevaa vizuri, Nyambura na joho lake. Halafu mzee mwembamba akasimama, akashika maikrofoni kama anashika kuku, akaigonga na kidole.

"Mnanisikia huko nyuma?" akauliza.

"Tunakusikia, Baba Ndung'u," Mama akasema.

Alisema hivyo bila kufikiria, vile mtu hujibu. Hakuna aliyecheka. Mzee akaongea juu ya mvua na karo, na vile Nyambura alikuwa analilia shule akiwa hajafikisha umri. Akakosea jina la mkuu wa chuo, akalirudia, akalikosea tena. Ndung'u alikuwa amenishika mkono na safari hii kweli alikuwa anamkumbuka baba yake. Tuliiangalia mpaka mwisho, na Mama akasema turudishe mwanzo.

Tukiaga, Mama alinikumbatia kwa muda mrefu, akaniambia nirudi. Halafu akaniuliza namba ya Kevo, amwambie asante. Uncle naye akasema siku ya kupeleka barua ya posa kwetu, huyo Kevo lazima awe kwa msafara. Kwa hivyo mimi nimealikwa kurudi na Kevo amealikwa kwa posa yangu, na bado hajanijibu kama atanichekea kesho kazini au ataniacha.

Sasa nyinyi hapa najua mnacheka, sitawakataza. Cheka tu, lakini kabla hujaandika kitu hapo chini, geuka kwanza uone nani amekaa nyuma yako.