Nozeli Namba Tatu

Fundi Asali hakuwa na gereji, wala hakuihitaji. Gereji yake ilikuwa popote mtu alipoacha gari akaenda kupanga foleni. Asubuhi hiyo, nyuma ya posta, aliona gari jeupe limeegeshwa peke yake, mlango haujafungwa vizuri. Akamshukuru Mungu, maana alikuwa mtu wa shukrani.

Alifungua boneti, akachomoa soketi ya umeme kwenye nozeli namba mbili, mojawapo ya zile nne zinazopuliza petroli ndani ya injini. Akaifunga boneti taratibu kama anayemfunika mtoto aliyelala. Kisha akaenda kukaa kibarazani na sanduku lake la vifaa, akawa raia mwema.

Mwenye gari akatoka, mama mnene, mshonaji wa mapazia. Akawasha. Gari likatetemeka kama lina homa.

"Pole, mama yangu," alisema Asali, tayari yuko dirishani. "Hiyo ni nozeli. Nimeisikia kwa mbali, moyo ukaniuma."

"Nozeli ndiyo nini, mwanangu?"

"Ndiyo inayoinywesha injini. Yako imekufa. Bahati nzuri ninayo moja mpya." Ilikuwa mpya kwa sababu aliiosha jana.

"Nitajuaje hunidanganyi?"

Asali akaweka mkono kifuani. Maneno haya hayakuwahi kumwangusha. "Gari lisipotulia, chukua sanduku langu na vifaa vyote. Sina shamba, sina mke, ninalo hilo tu."

"Haya," alisema mama, akashuka, akalikalia sanduku.

Asali aliinama, akajifanya anabadilisha, akarudisha soketi ya namba mbili. "Washa!" Mama akaingia garini, akawasha.

Gari likatetemeka. Afadhali kuliko mwanzo, lakini likatetemeka.

"Washa tena, mama."

Likatetemeka tena. Asali alitamani kukimbia, lakini mama alikuwa ameshashuka, ameliacha gari likinguruma, na kulikalia tena sanduku, na mama hakuwa mwepesi.

"Naomba bisibisi ndefu," alisema kwa unyonge.

Akaegemeza ncha ya bisibisi kwenye nozeli, mpini sikioni. Ya kwanza, tik tik tik. Ya pili, tik tik tik. Ya tatu, kimya kama mume aliyeulizwa alilala wapi. Akachomeka taa ya kupimia umeme kwenye soketi za nozeli, moja baada ya nyingine. Kwa nyingine ilimetameta, kwa namba tatu haikuwaka kabisa. Kumbe umeme ndio haufiki. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, Asali alikuwa anatafuta ubovu ambao hakuuweka yeye.

Alifuata waya kwa vidole mpaka nyuma ya injini. Huko ulikuwa umesuguana na chuma hadi ukakatika. Akausokota, akachukua utepe.

"Choma risasi," alisema mama. "Huo utepe utaachia kwenye matuta."

Asali alimtazama mama huyu ambaye saa moja iliyopita hakujua nozeli ni nini. Akayeyusha risasi juu ya kiungo, waya ukashikana.

Safari hii, Asali alipowasha, injini ilinguruma laini, bila kutikisika. Asali akatabasamu kabla hajajizuia.

"Sasa, mama yangu, ile nozeli mpya pamoja na ufundi..."

"Nozeli ipi? Namba mbili uliyoichomoa?" Mama akainuka. "Nilikuwa dirishani pale posta, nakuangalia. Gereji tatu zimeshindwa na waya huo. Nikasikia kuna kijana anaharibu magari ya watu hapa, halafu anaapa kwa sanduku lake kwamba atayatengeneza. Siku nne naacha mlango wazi! Nikadhani umehama mji."

"Si ungeniita tu, mama?"

"Ningekuita, ungetaka malipo. Sanduku lako hilo, leo umelipata kihalali."

Akaingia garini, akafunga mkanda, kisha akashusha kioo.

"Mwanangu, yule mwenzako anayetoa upepo matairi ya watu kule stendi, bado yupo?"

"Yupo," alisema Asali, kichwa chini.

"Mwambie kesho naegesha kwake. La nyuma kushoto linavuja tangu mwaka jana."