Ottmar Zwiesele na Bahasha ya Meli ya Angani

Duniani kulikuwa na macho mawili tu yaliyoijua mihuri ya barua za meli za angani, yale maputo marefu ya zamani yaitwayo zepelini, na yote mawili yalikuwa usoni mwa Ottmar Zwiesele! Simsingizii. Alisema mwenyewe kila Jumapili, kwenye chama chetu cha wakusanya stempu hapa Friedrichshafen, tena bila kuulizwa.

"Nipe bahasha yoyote iliyopanda zepelini," alitamba, "nitakwambia ilipanda lini, ilishukia wapi, na karani aliyeigonga mhuri alikula nini mchana!"

Jumapili hiyo tulikuwa tunachagua mkaguzi mkuu wa chama. Ottmar aliitolea macho nafasi hiyo kama fisi aliyeona mfupa. Alikuja na tai mpya, kibano cha fedha na lenzi kubwa kama kifuniko cha sufuria. Mkewe, Irmtraud, alimfuata nyuma akimbebea albamu.

Kabla ya kura, Bibi Walburga, mjane wa fundi saa, akaweka bahasha mezani.

"Babu yangu alimwandikia bibi kutoka Brazili, ikaja na zepelini. Sina kingine chake. Mkaguzi alishaipitisha zamani. Naomba iwekwe kwenye maonyesho yetu. Hebu itazame, Ottmar."

Ottmar akainama, akavuta pumzi.

"Feki!"

"Unasemaje?"

"Feki tupu! Mhuri wa meli umelalia kushoto. Karani wa angani hagongi kushoto hata siku moja! Na huu wino mwekundu ni wa juzi, jamani. Mkaguzi aliyeipitisha ni kipofu, tena mjinga wa kutupwa! Katibu, andika!"

Katibu akaandika. Bibi Walburga akamsogezea bahasha karibu zaidi. Nilimwonea huruma, mama wa watu.

"Basi igeuze," akasema.

Kwetu, mkaguzi akiridhika hugonga jina lake nyuma ya bahasha, kwa herufi ndogo kama sisimizi. Ottmar akaigeuza. Akatazama. Akafuta lenzi kwa tai mpya, akatazama tena. Masikio yakamwiva.

"Lisome kwa sauti," katibu akasema, "niandike na jina la huyo mjinga."

"Zwi... Zwiesele."

Lahaula! Tulicheka hadi vikombe vikagongana.

"Uliigonga jikoni kwangu, mwaka wa kumi na nane huu," Bibi Walburga akasema. "Ukala vipande vitatu vya keki ya plamu, ukaniambia kulalia kushoto ndiyo dalili ya uhalisi!"

"Jina langu limeghushiwa! Mtu kaniibia mhuri!"

"Nani akuibie?" Irmtraud akadakia. "Mhuri wenyewe unalala nao chini ya mto. Hata mimi mkeo sijawahi kuugusa!"

Kura zikapigwa. Ottmar akapata moja, na mkono ulioinuka ulikuwa wake. Zilizobaki zote, ya Irmtraud ikiwemo, zikamwangukia Bibi Walburga, ambaye hata hakugombea.

Mkaguzi mkuu mpya akaanza kazi papo hapo. Akaazima lenzi ya Ottmar, akalichunguza lile jina dakika nzima.

"Halisi!" akatangaza. "Iwekwe kwenye maonyesho, upande wa nyuma uelekee watu."