Kiti Changu Meza ya Chemchemi

Jumanne, 9 Agosti
Karamu ya kijiji ni Jumapili. Kila mwaka sisi Waingereza hukalishwa meza ya mwisho, kando ya mapipa ya taka. Wenyeji hukaa meza ya chemchemi, katikati ya uwanja. Baba anasema mapipani kuna upepo mzuri. Upepo! Na Femke, Mholanzi aliyehamia juzijuzi tu, ameshaalikwa chemchemini. Alinizunguka kwa baiskeli makusudi, akaniuliza kama nzi wa mapipani watanikumbuka. Nilimjibu kwa adabu kwamba bila shaka. Jibu kali lilinijia wakati wa chakula cha jioni.

Nimechunguza. Siri yake ni mashavu! Hapa watu husalimiana kwa mabusu matatu, kuanzia shavu la kushoto. Femke hambakizi mtu. Sisi je? Mama hutoa mkono. Baba hupunga kutoka ng'ambo ya barabara, na mtu akimsogelea huinama kufunga kamba za viatu. Hata akiwa amevaa ndara.

Mpango: nibusu kijiji kizima kabla ya Jumapili.

Jumatano, 10 Agosti
Nimeamka na mafua. Mama alitaka nilale. Nilimwambia nimepona, nikatoka mbio kabla chafya haijatoka.

Dukani nilibusu foleni nzima, kisha mwoka mikate mwenyewe, nikiwa nimelalia meza yake. Nikasahau mkate. Nikarudi mwisho wa foleni na kuanza upya. Muuza nyama, aliyekuwa kwenye foleni, alinizuia. Alisema tumeshasalimiana, binti, hapa mtu habusiwi mara mbili kwa siku. Aibu! Niliomba radhi, nikambusu kwa kuagana.

Ijumaa, 12 Agosti
Ushindi! Bi Roumieu, ambaye ndiye hupanga viti na kupika, alinibana mashavu mbele ya watu. Alisema baba yangu ni gogo lakini mimi ni mtoto wa hapa, na Jumapili nitakaa meza ya chemchemi, ubavuni kwake. Kisha akapiga chafya. Nilimbusu tena kwa shukrani.

Femke alisikia kila neno! Alitaka kunijibu, akakohoa badala yake.

Kijiji kimya leo. Duka la mikate limefungwa. Nadhani ni joto.

Jumapili, 14 Agosti
Nilivaa gauni jeupe. Nilifika mapema. Meza ndefu, maua, vitambaa vilivyopigwa pasi. Na mimi. Mimi peke yangu! Wengine wote wa meza hii wako kitandani na mafua. Mpiga tarumbeta alijitahidi, akapiga chafya ndani ya tarumbeta, akarudishwa kwao.

Bi Roumieu alijikokota na shali shingoni, kinu kidogo mkononi. Pua imeziba, haisikii harufu hata kidogo, kwa hiyo alikuwa akitwanga vitunguu saumu na kuongeza kwenye bakuli langu la mchuzi, akitwanga na kuongeza. "Kula, mwanangu. Mwaka huu vitunguu havina nguvu kabisa." Akaenda kulala. Nilionja kidogo. Machozi yalinitoka hadi kwenye gauni.

Meza ya mapipa ilijaa! Wazima wote, maana hawakuwa wamembusu mtu. Waliimba. Mama aliniita, akanionyesha kiti. Nilitikisa kichwa. Mtu aliyealikwa chemchemini haondoki hivihivi. Baba alinipungia mkono kwa mbali. Nilimpungia pia. Nilimaliza bakuli.

Jumatatu, 15 Agosti
Femke amepaza sauti kutoka dirishani kwao, sauti yenyewe kama ya chura, kwamba kijiji kizima kinajua nani alileta mafua. Mwakani, anasema, nitakalishwa ndani ya pipa lenyewe.

Nimetafakari sana. Kosa langu nimeliona. Watu wanaumwa, na mimi sijamjulia hali hata mmoja! Mwenyeji gani hufanya hivyo? Kesho asubuhi nitapita nyumba kwa nyumba kuwapa pole. Mabusu matatu kila mgonjwa, kuanzia shavu la kushoto. Nitaanza na Bi Roumieu.

Koo linaniwasha kidogo. Vitunguu hivyo.