Gari Jekundu la Mjomba wa Bibi Harusi

Jumatatu, 14 Julai
Jumamosi Shekina anaolewa. Mimi ni mjomba wake. Nani ambebe bibi harusi kama si mimi? Jambo liko wazi! Kumbe haliko wazi. Yaya Augustine, dada yangu mkubwa, mama mzazi wa Shekina, amesema Ijumaa atatazama magari mawili kwanza: langu na la jirani Amuri, muuza vitenge. La Amuri linang'aa hadi unaona meno yako. Langu lilikuwa jekundu zamani. Jua limelififisha, limeota unga. Ukiligusa unaondoka na rangi mkononi. Wivu umenishika, siufichi.

Jumanne, 15 Julai
Amuri ameniletea kopo la nta ya magari. Eti nioshe, nikaushe, nipake kidogo kidogo kwa kitambaa laini. Bure! Nani humsaidia mshindani wake? Mtego huo. Nimemshukuru sana, nimekataa. Nimeanza na dawa ya meno. Mlango mmoja umerudia wekundu wake! Nikapiga mluzi. Dawa ikaisha. Nyumba nzima imelala bila kupiga mswaki, na Kaumba, mke wangu, amenigeuzia mgongo.

Jumatano, 16 Julai
Majivu na mchanga! Ndivyo Kaumba anavyosugua masufuria, nayo yanang'aa. Kwa nini si boneti? Nimesugua kwa nguvu zote za mtu aliyezoea kazi ya reli. Limeng'aa kweli. Kinachong'aa ni bati. Katikati rangi imekwisha kabisa, duara kubwa kama sinia. Nimekaa chini, nikataka kulia.

Ijumaa, 18 Julai
Mawese! Ni mekundu, yanang'aa, yako jikoni. Nimeyapasha moto, nikapaka gari zima, hata lile duara. Ajabu! Jekundu kuliko siku lilipotoka kiwandani! Kaumba ameuliza tutapikia nini. Hajui mambo ya ufundi. Yaya amepita giza likianza kuingia. Ametazama la Amuri, ametazama langu, akasema sawa, mjomba ni mjomba, nitambeba mimi. Nimeimba kwa furaha. Kaumba anasema nimeimba vibaya.

Jumamosi, 19 Julai
Aibu! Kutoka kwangu hadi kwa Yaya, vumbi lote la kiangazi limeganda kwenye gari, pamoja na nzi na manyoya ya kuku. Mbwa watatu walinifuata wakilamba bampa. Shekina akatoka na gauni lake jeupe, akasimama mlangoni. “Muyomba, hii gari iko inanuka mawese sawa chungu ya sombe! Minyi siwezi kuingia mule!” Yaya akamwita Amuri asogeze gari lake. Bibi harusi akaingia kwenye gari la Amuri. Mimi nikafuata mwisho wa msafara, nyuma ya pikipiki. Imeniuma. Mtoto yule nilimbeba mgongoni alipokuwa mdogo.

Jumapili, 20 Julai
Nimetafakari sana. Mawese hayana kosa. Kosa ni la vumbi. Baada ya ibada nimemweleza Pasta Jessé, ambaye gari lake limechakaa rangi, kwamba nina dawa yangu ya nyumbani. Amefurahi, amenipa ufunguo hapohapo, na baraka juu. Kaumba amefungia chupa zake za mawese, basi nimenunua mengine sokoni. Yako motoni sasa. Gari la Pasta ni jeupe, kwa hiyo kazi yangu itaonekana vizuri zaidi.