Pipa la Harusi ya Rima

Jumatatu, 2 Septemba

Munir amenitukana. Kwa adabu, lakini amenitukana. Kaja na mkewe kupanga harusi ya mwanawe Karam na binti yangu Rima, kakaa kwenye kiti changu, kala kibbeh yetu ya nyama akaongezewa, halafu anasema nisijisumbue na mvinyo, ataleta wake. Wake! Ule wenye lebo ya dhahabu unaouzwa mpaka Beirut. Mke wangu Salwa akasema Mungu ambariki. Ambariki kwa lipi?

Na pipa langu je? Zabibu za shamba la marehemu baba. Nilizikanyaga kwa miguu yangu mwaka aliozaliwa Rima, nikaapa kwamba pipa halitafunguliwa ila kwa harusi yake. Watu wakikuta mvinyo wa mkwe mezani, mji mzima wa Zahle utasema Wadih kashindwa kuwanywesha wageni wa mwanawe wa pekee. Bora nife.

Nikamwambia Munir tushindanishe. Chupa zifunikwe, watu waonje, utakaosifiwa zaidi ndio wa harusi. Akacheka, akasema, "Haya, Baba Rima, ili roho yako itulie." Roho yangu imetulia sana. Nimevunja kikombe kimoja tu.

Jumanne, 3 Septemba

Mazoezi. Nimenunua chupa nne dukani, nikachanganya na yangu, iliyochotwa pipani kidogo tu maana harusi ndiyo hii, nikafumba macho. Wajuzi huwa wanatema, nami nikatema. Kumbe ni beseni la Salwa la kukandia unga. Kelele zake!

Wa kwanza mwekundu bila shaka, mzito, unakausha ulimi kama chai iliyosahauliwa jikoni. Wa pili mweupe, unanukia ganda la limau. Wa tatu nadhani ule wa rangi ya waridi, mtamutamu, wa kuwanywesha mashangazi. Wa nne laini mno, nilisahau kutema. Wa mwisho ukanipanda puani mpaka machozi yakanitoka. Nikapiga kelele kwamba huu umeharibika, mwenye duka mwizi, naurudisha sasa hivi! Nikafumbua macho.

Wangu.

Rima naye akaonja. Akasema polepole, baba, labda tuutie kwenye saladi. Mtoto niliyemlea mwenyewe!

Jumatano, 4 Septemba

Nimepata! Nilikuwa nanyoa ndevu, nikajikata kwa furaha. Kuonja kutafanyika nyumbani kwangu. Mgeni gani wa kwetu ataketi mezani pa mtu, ale mkate wake, halafu auponde mvinyo wake? Hajazaliwa. Kinachotakiwa ni wajue tu chupa ipi ni ya mwenye nyumba. Nitaifunga uzi mwekundu shingoni.

Nimempitia Padri Butros, mmoja wa waonjaji watatu, nikamdokezea kwamba uzi mwekundu hunikumbusha marehemu baba. Akaguna. Kwa Munir, ambaye naye ataonja, habari imefika kupitia kinyozi wetu, ambaye nilimsihi sana asimwambie mtu. Shangazi Nazha, muonjaji wa tatu, sikumwambia. Hasikii vizuri, na siri ukimpigia kelele itafika Damasko.

Salwa anauliza mbona natabasamu peke yangu. Mwanamke huyu ananichunguza.

Jumamosi, 7 Septemba

Niandike kwa mpango.

Walikuja wote. Chupa zilikaa mezani zimevalishwa soksi zangu, safi, ingawa Salwa hakuamini. Padri alianza. Kila chupa akaisema vizuri: huu una jua la bonde la Bekaa, huu una mvua ya Machi. Akafika kwenye uzi mwekundu. Akanywa. Akafumba macho kwa muda mrefu, nadhani alikuwa anasali. Akasema mvinyo huu una historia. Pointi yangu!

Shangazi Nazha akanywa uleule, akautema kwenye leso, akasema kwa sauti kubwa ya kiziwi asiyejisikia mwenyewe, "Nani kaleta siki? Huu ni wa kuoshea madirisha!" Padri akakohoa. Nikasema shangazi kinywa chake hakiko sawa tangu Pasaka. Akasema kinywa chake kiko salama, na chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Nilitaka ardhi inimeze. Hapo Munir akainuka. Lazima niwe mkweli, aliinuka kama muungwana. Akaumimina tena, glasi nzima, akaumaliza. Jasho likamtoka. Akasema maishani mwake hajawahi kukutana na mvinyo wa namna hii, na kwamba huu ndio mshindi, hakuna mjadala.

Nimeshinda! Nikamwona marehemu baba pale mlangoni na kofia yake. Machozi yakanilengalenga. Na mdomo wangu, wenyewe, bila kuniuliza, ukasema kile ambacho kila mtu wa kwetu husema kitu chake kikisifiwa: "Ni wako, mkwe!"

Basi, husemwa tu. Mwenzio anakataa, mnacheka, yanaisha. Munir akakataa. Nikasisitiza. Akakataa kwa nguvu, nikaona macho yake yanaomba. Nikadhani ananionea haya, damu ikanipanda, nikaapa kwa uhai wa Rima kwamba hatoki humu bila pipa zima.

Kwa uhai wa Rima! Akatae vipi, siku chache kabla ya harusi? Padri mwenyewe akasema kiapo ni kiapo. Wakalipakia kwenye pikapu. Munir alikuwa na uso wa mtu anayekwenda mazishini.

Salwa akanisogelea. "Hongera, mume wangu, umeshinda. Sasa wageni watakunywa nini?"

Jumapili, 15 Septemba

Harusi. Lebo za dhahabu kila meza. Watu wanameza na kumsifu Munir, na mimi natabasamu mpaka mashavu yanauma. Rima akanong'ona kwamba angetamani hata chupa moja ya zabibu za babu iwepo. Nikaenda kusimama nyuma ya mlango wa jikoni, nikalia.

Niliporudi nikakuta chupa yenye uzi mwekundu mbele ya kiti changu. Munir kaileta chini ya koti. Tukagonganisha glasi, yeye, mimi na Rima. Nikanywa. Shangazi hakukosea kuhusu madirisha, lakini sitamwambia.

Jumatano, 25 Septemba

Pipa limerudi, Munir kalileta mwenyewe. Kwetu chombo hakirudi kitupu, kwa hiyo mke wa Munir kalijaza achari ya tanipu, ile mboga ya mizizi, nyekundu kabisa, iliyolowekwa kwenye mvinyo wangu. Mtaa mzima umekuja na bakuli. Padri karudi mara mbili. Sijawahi kusifiwa hivi, na nimechukia vibaya sana.

Sasa nimeelewa kosa langu. Kosa lilikuwa mvinyo! Mvinyo ni wa watu wa lebo. Ubatizo wa mjukuu utakapofika, tutashindana kwa araki, pombe kali ya kuchemshwa, na hapo Munir atanitambua, kwa sababu yeye hana mtambo wa kuchemshia. Mimi ninao, wa babu, wa shaba tupu. Nimeutoa stoo leo nikausugua kwa limau na chumvi mpaka ukang'aa.

Munir alikuwa bado uani, anasubiri kahawa. Akauzunguka mtambo, akaupapasa, akasema hajawahi kuona shaba nzuri kama hii.

Nimemwambia ni wake. Alikataa, lakini nimeapa.